Anayeita Rangi

Maputo yalikuwa ya harusi. Noela, dada mmoja anayepamba kumbi kule Kinondoni, ndiye aliyekuwa akiyatoa. Wageni wakishaondoka na maharusi wakishapelekwa kwao, yeye hubaki na magunia ya mapambo ambayo hayana mwenyewe tena. Yale maputo yasiyopulizwa huyatia kwenye mfuko, humpa bodaboda ayalete Mbweni kwa Talha, naye Talha humrudishia kipande cha nguru cha kukaanga nyumbani. Basi hivyo ndivyo nguru wa Mbweni walivyokuwa wakivuliwa, kwa mabaki ya sherehe za watu. Maputo mengine yalichorwa mioyo. Mengine yaliandikwa majina ya bwana na bibi harusi, na huko baharini Talha hakuacha kuwatania: "Leo tunavua na Augustine na Jesca. Tuombe ndoa yao iwe imara, maana nguru wa huku hana adabu."

Talha alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye maneno mengi na kiburi cha kumtosha yeye na majirani wawili. Kwao ni Mbweni tangu Mbweni haijawa na kuta. Kiwanja alichozaliwa babu yake kimemezwa na jumba la ghorofa lenye kamera getini, na njia ya kwenda pwani sasa ni kichochoro katikati ya kuta mbili, ambamo mtu aliyebeba mashine ya boti begani hupita kiubavu. Hilo lilimkera kila siku ya Mungu, na kila siku ya Mungu alilisema kwa sauti ili wenye kuta wasikie.

Kuvua kwa puto hakukurithi kwa mtu. Zamani, alipokuwa akiwapeleka wageni kuvua kwa fimbo zao za bei mbaya, alimwona mmoja akilifunga puto la mtoto kwenye uzi wake, akacheka mpaka akakaa chini. Nusu saa baadaye yule mgeni alipandisha nguru mrefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza, na Talha akaacha kucheka. Alirudi nyumbani, akajifungia na vifaa vyake, akajaribu na kukosea miezi miwili, mpaka akapata namna ya kuifanya kazi ile kwa mshipi wa mkono, bila fimbo wala makeke ya kizungu. Wenzake walimcheka vilevile alivyomcheka yule mgeni. Siku hizi wanakuja kumwuliza uzi gani anatumia.

Namna yenyewe ni hii. Unamchukua kibua mzima, samaki mdogo wa chambo, anayerukaruka, unampitisha ndoana puani taratibu asijue kama ameshikwa. Nyuma ya ndoana kuna waya wa shubiri mbili, kwa sababu meno ya nguru hayacheki na nailoni. Kutoka kwenye waya unapima mshipi pima tatu au nne, na hapo unalifunga puto lililopulizwa kiasi cha chungwa kubwa, kwa uzi wa cherehani. Ujuzi wote uko kwenye uzi huo. Ukiwa mnene, puto halikatiki na nguru anashtuka. Ukiwa mwembamba mno, wimbi linakuibia puto kabla samaki hajafika. Kibua anaogelea huko chini, upepo unalisukuma puto mbali na boti, nawe unangoja. Puto likianza kutetemeka pasipo wimbi, ujue kibua amemwona mkubwa wake na anatafuta pa kukimbilia.

Boti ilikuwa ya Bi Mwanaasha, mjane wa nahodha wa zamani, na ilikuwa ikienda na watu wawili tu. Mishipi mitatu, maputo matatu, rangi tatu. Kila mshipi ulikunjwa kwenye beseni lake, na kwenye ukingo wa beseni kilifungwa kipande cha puto la rangi ileile. Talha, kama nahodha, alisimama mbele akiyatazama maputo. Moja likizama, alitakiwa kuita rangi, kisha kuushika mshipi huo yeye mwenyewe, vidole vimevikwa mpira wa tairi la baiskeli. Mwenzake alitakiwa kuivuta haraka ile mingine miwili kabla samaki hajaivuruga yote.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mshipi wenye nguru unashikwa kwa kuuachia, ukimbie kwenye mpira. Mshipi mtupu unazungushwa kiganjani mara mbili, ili upate nguvu ya kuuvuta upesi. Anayezungusha hana nafasi ya kuitazama bahari. Anasikia rangi, anafanya. Kwa hiyo anayeita rangi ndiye aliyeushika mkono wa mwenzake, na hilo kila mtu pale Mbweni alilijua.

Sasa, Talha alikuwa haoni vizuri.

Ilianza mfungo wa mwaka jana. Alidhani ni njaa, kisha akadhani ni moshi, kisha akakosa cha kudhani. Dunia ilipata ukungu wa maziwa, na jua likiwaka juu ya maji ukungu ule ulikuwa ukitoa cheche. Nyekundu aliipata. Kijani iliyoiva aliipata kama kitu cheusi. Lakini bluu, kijivu, nyeupe na silva zote zilikuwa mtu na ndugu zake, hakuwa akizitambua. Muuguzi wa zahanati alimmulika tochi akamwambia ni mtoto wa jicho, kote kuwili, na kwamba hospitali kubwa wanamtoa kwa kisu kidogo, mtu anarudi kwake siku hiyohiyo. Katika maneno yote hayo Talha alisikia neno kisu.

Wala si kisu peke yake. Aliwajua wanaume wa pwani ile waliosemwa kwamba macho yameisha. Walikuwa wakikaa kivulini wakishona nyavu za watu wengine, wakisalimiwa kwa sauti ya upole inayotumika kwa wagonjwa. Talha aliiogopa sauti ile kuliko kuzama. Basi hakumwambia mtu, hata mkewe Raudha, ambaye walikuwa wamekaa pamoja miaka ishirini na saba. Alimwagiza Noela amletee nyekundu, nyeupe na kijani iliyoiva peke yake, na akamdanganya mwenzake wa botini kwamba nguru wanaogopa rangi nyingine.

Mwenzake aliamini. Kasimiri alikuwa mzaliwa wa Masasi, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyekuja Dar kuwafuata ami zake waliokuwa wakichonga vinyago Mwenge. Hata baada ya kuwa mvuvi, bahari ikichafuka alikuwa akichukua patasi yake na kwenda kuchonga. Alipofika pwani hakujua hata kuogelea. Talha alimfundisha kuogelea, akamfundisha upepo, akamfundisha puto, na kwa miaka sita hajawahi kumsikia akimbishia jambo la baharini. Imani ile ilikuwa ikimpa Talha raha. Tangu macho yaanze, ilikuwa ikimtia hofu.

Jumamosi hiyo waliondoka kumekucha, bahari imelala, ndoo ya vibua iko katikati yao. Talha aliendesha mashine, Kasimiri akapuliza na kufunga. Walipofika kwenye mwamba na kutia nanga, Talha akauliza kama kawaida yake.

"Umefunga zipi?"

"Nyekundu mbali, silva kati, bluu karibu."

"Silva imetoka wapi?"

"Kwa Noela, kaka. Maharusi wa siku hizi wanapendaga masilva tu. Nyeupe hakuna, kijani hakuna. Nyekundu yenyewe ilibaki moja."

"Si nilikwambia nguru wanaogopa bluu?"

"Uliniambia. Lakini ndo zilizopo." Kasimiri alimtazama. "Au turudi?"

Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kusema turudi. Angeweza kusema moja lipulizwe kubwa kuliko mwenzake, asitoe sababu, na Kasimiri angelipuliza kubwa bila kuuliza. Baadaye Talha aliyafikiria hayo yote, na mengine kumi. Lakini saa ile alisikia mashaka madogo katika sauti ya mtu aliyemfundisha kuogelea, na kiburi kikampanda.

"Turudi kwa ajili ya rangi? Tupa."

Mwanzo mambo yalikuwa sawa. La bluu lilikuwa kushoto, la silva kulia na mbali kidogo, na Talha aliyashika kichwani kama mtu anayeshika namba ya simu: kushoto bluu, kulia silva. Jekundu lilikuwa peke yake huko mbele, halina shida. Kisha jua likapanda. Maji yote yakawa bati jipya. Yule kibua wa kati alikuwa na nguvu, akawa analivuta puto lake huku na huku, na yale mawili yakaanza kusogeleana. Talha alipojifuta jasho na kutazama tena, aliona madoa mawili meupe yaliyokaribiana, na hakuwa na hakika tena kama yamepishana au hayajapishana.

Kumwuliza Kasimiri lilikuwa swali dogo tu: ipi bluu hapo? Alilipanga mdomoni. Alilifanyia hata mzaha wa kulifunika, kwamba anataka kumpima mwanafunzi wake. Kasimiri alikuwa akibadilisha maji ya vibua, anaimba kwa sauti ya chini, hana habari.

"Kaka, moja linacheza," Kasimiri akasema ghafla. "Unaona?"

"Naona."

Aliona kweli kwamba doa moja linatetemeka. Lile jingine lilikuwa limetulia. Linalotetemeka lilikuwa la kushoto. Kushoto ni bluu, Talha akajiambia. Ilikuwa bluu, basi ni bluu. Kasimiri alishainama juu ya mabeseni, mikono tayari, anangoja neno moja.

Doa la kushoto likazama.

"Bluu!"

Kasimiri aliruka beseni la bluu, akaudaka mshipi wa silva, akauzungusha mara mbili kwenye kiganja cha kushoto na kuanza kuvuta. Talha naye alikuwa ameushika wa bluu, ambao beseni lake alilijua kwa mahali pake, na papo hapo akajua. Mshipi wenye nguru una uzito wake hata kabla nguru hajakimbia. Huu ulikuwa mwepesi, mwishoni mwake kuna kibua mmoja tu anayetikisa mkia. Alifungua mdomo kupiga kelele aachie, aachie, lakini sauti iliyosikika haikuwa yake. Kasimiri ndiye aliyepiga yowe.

Nguru akishashika chambo hutulia kidogo, kisha huondoka kwa mkupuo mmoja ambao hakuna mkono unaoweza kuuzuia. Mshipi ulimvuta Kasimiri kutoka katikati ya boti mpaka ukingoni, magoti yakagonga ubao, mkono ukanyooka juu ya maji. Alikuwa amejikita kwa miguu na kwa mkono wa kulia, na anayumba. Akiingia majini na mshipi ule mkononi, nguru atashuka naye.

"Kata, kaka! Kata!"

Kisu kilikuwa kiunoni. Talha alikichomoa, akajitupa kifua juu ya ukingo, akatazama, na hakuona mshipi. Nailoni juu ya maji yanayong'aa, kwa macho yale! Aliona mkono, aliona wekundu unaotiririka kwenye mkono, halafu mbele ya wekundu kulikuwa na mwanga tu. Alisikia mshipi ukilia. Angeweza kukata hewa, angeweza kukata vidole. Hofu aliyoipata pale hakuwahi kuipata siku zote za bahari, wala siku aliyopinduka.

Akafumba macho. Akamshika Kasimiri begani, akaupapasa mkono wake kwenda chini, kiwiko, kifundo, akapita juu ya damu moto na juu ya vidole vilivyokunjamana, mpaka kidole chake cha shahada kikakutana na uzi uliokaza kama chuma. Akaweka kisu mbele ya kidole chake mwenyewe, akakata.

Kasimiri alianguka chali katikati ya mabeseni. Mshipi ulikuwa umezama mpaka kwenye mfupa katika vidole viwili, na kiganja kilikuwa kimefunguka. Talha alivua shati, akalifunga kwa nguvu, akang'oa nanga, akawasha mashine.

"Kaka," Kasimiri akasema kutoka chini, meno yakigongana. "Nimekosea beseni. Uliita vizuri, mie nimeshika siyo."

Talha aligeuka.

"Tulia," akamwambia. "Usiongee."

Kweli mtu aliyeumia hafai kuongea. Lakini Talha alijua kwa nini amemnyamazisha.

Ufukweni habari ilienea upesi. Kabla Kasimiri hajapandishwa kwenye bajaji ya kwenda hospitali, watu walishajua alichokisema mwenyewe, kwamba nahodha ameita bluu naye akajichanganya, akauzungusha mshipi wa bluu kama mtupu. Wengine walimhurumia. Gaspar, aliyekuwa akingoja siku nyingi nafasi katika boti hiyo, alisema watu wa Masasi waachiwe korosho zao, na baadhi ya watu wakacheka. Talha alikuwa amesimama palepale, kifua wazi, damu ya mtu imemkaukia mikononi. Wakampigapiga mgongoni. Nahodha kweli, wakasema. Amekata mshipi bila kumgusa kidole.

Alikwenda nyumbani, akaoga, akalala bila kula, akasema kichwa kinauma.

Siku ya tatu Rosalia, mke wa Kasimiri, alikuja. Alibeba bakuli la korosho zilizobanguliwa, zimetoka kwao Masasi wiki hiyohiyo. Raudha alimkaribisha ndani, naye akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuomba.

"Shemeji, nimekuja kushukuru," akasema. "Daktari kaniambia ungechelewa kidogo tu, vidole vingebaki baharini. Kavishona. Anasema viwili labda havitakunja tena, lakini vipo."

"Mungu mkubwa," Talha akasema.

"Ataweza kushika patasi?" Raudha akauliza.

"Hajui. Tunangoja." Rosalia akafuta macho kwa pindo la kitenge. "Lakini kinachomuuma siyo mkono, dada. Halali. Anasema kaka Talha kanifundisha miaka sita, nami nimemharibia jina na chombo kimekaa ufukweni. Shemeji, ukimwona usimseme sana. Anajisema mwenyewe vya kutosha."

Alipoondoka, Raudha aliweka bakuli mbele ya mumewe. Talha akaliangalia.

"Mbona huli, Baba Ismail?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu Jumamosi hujatia kitu cha maana tumboni." Alikaa karibu naye. "Kuna jambo."

"Hakuna jambo."

"Haya," Raudha akasema, akachukua bakuli, akalirudisha jikoni bila kula hata moja.

Bi Mwanaasha alikuwa na utaratibu alioachiwa na marehemu mumewe, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye huo. Damu ikimwagika chomboni, chombo hakiondoki mpaka watu wakae. Aliyekosea anamshika nahodha mkono na kumwomba msamaha mbele ya watu, kila mmoja anaomba dua ya dini yake, kisha aliyekosea anashuka. Hashiki tena mshipi wa boti ile. Si adhabu, Bi Mwanaasha alikuwa akisema, ni kwamba watu hawawezi kuvua pamoja huku wanachungana mikono.

Kikao kiliwekwa Alhamisi baada ya alasiri, barazani kwake. Talha alitoka nyumbani akiwa ameshaamua. Angemshika mkono Kasimiri, angesema maneno mazuri, halafu angemtafutia kazi kwenye boti ya mtu mwingine, boti ya nyavu, isiyohitaji vidole vyepesi. Angemsaidia mpaka mwisho wa maisha yake. Njia nzima alikuwa akimpangia Kasimiri wema, na kadiri wema ulivyozidi ndivyo alivyojiona mchafu.

Bi Mwanaasha alikuwa amekaa kitini, Gaspar na wavuvi wengine watatu wakiwa kwenye mkeka. Kasimiri alikaa upande wa nje wa baraza, jua la jioni likiwa nyuma yake, mkono wa kushoto umefungwa mpaka kifundo. Rosalia alikuwa pembeni yake, amejifunga kanga nyekundu.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, Talha. Kaa, tusiwacheleweshe watu." Akamgeukia Kasimiri. "Sema, mwanangu."

Kasimiri alisimama. Alikuwa amekonda kwa siku tano zile.

"Sina mengi. Kaka Talha aliita bluu. Mie niliisikia vizuri kabisa. Nikashika siyo, sijui akili yangu ilikuwa wapi. Kaniokoa, wakati kosa ni langu." Akamgeukia Talha. "Kaka, naomba unisamehe. Nimekuharibia."

Akanyoosha mkono wa kulia.

Watu walikuwa wakingoja. Ilikuwa kazi ya kushika tu, mkono mmoja, na jambo lingekwisha. Talha aliona umbo la mkono ule ukija kwake kutoka kwenye mwanga, na alijua kwamba akiushika hatakuwa na njia ya kuurudisha. Aliitia mikono yake chini ya mapaja kama mtoto anayekataa kunawa.

"Siwezi," akasema.

"Talha," Bi Mwanaasha akasema kwa ukali, "mtu anakuomba msamaha."

"Hana kosa la kusamehewa. Alishika alichoambiwa ashike. Iliyozama ilikuwa silva. Mie ndiye niliyeita bluu."

Gaspar akacheka kwa pua.

"Nahodha una huruma sana. Mwenyewe keshakiri."

"Amekiri asichokijua."

"Braza, usijibebeshe," mwingine akasema. "Sie wote tunajua unampenda."

Hata Kasimiri alikuwa akitikisa kichwa. "Usifanye hivyo, kaka. Nilisikia mwenyewe."

Hapo ndipo Talha alipokaribia kulia kwa hasira. Siku tano alikuwa akiogopa kuisema kweli, na sasa ameisema, hakuna anayeitaka. Angeweza kuwaachia. Alijaribu, basi, wamekataa. Mtu mwingine angesimama akaenda zake na dhamiri nyeupe. Lakini mkono wa Kasimiri ulikuwa bado hewani.

"Sioni," akasema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mnanisikia? Macho yangu hayaoni. Bi Mwanaasha, niulize rangi ya kitu chochote hapa."

Bi Mwanaasha akashika ushungi wake.

"Huu?"

"Mweupe."

Ushungi ulikuwa wa samawati, samawati kabisa, rangi ambayo mtoto wa chekechea angeitaja.

"Na mkeka mliokalia?"

"Mweupe nao. Au kijivu."

"Kanga ya Rosalia?"

"Nyekundu."

"Hiyo umepata."

"Hiyo ndiyo pekee ninayoipata."

Gaspar alikuwa ameacha kucheka. Bi Mwanaasha alishusha pumzi, akajifunika ushungi wake vizuri, na alipozungumza alizungumza kwa ile sauti ya upole ambayo Talha alikuwa akiikimbia mwaka mzima.

"Basi wewe ndiye unayeshuka, mwanangu."

"Najua."

Iliuma. Aliwaza kwamba ataona wepesi akishasema, watu husema hivyo, lakini hakuona wepesi wowote. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona bahari yake yote inamtoka kwa neno moja la mwanamke aliyekaa kitini.

"Tangu lini, kaka?" Ilikuwa sauti ya Kasimiri.

"Tangu mfungo wa mwaka jana."

Kasimiri alianza kuhesabu, na Talha alijua anachokihesabu. Kila asubuhi, kila mshipi aliouzungusha kiganjani bila kutazama maji, kwa kuwa kuna mtu mbele anayetazama kwa ajili yake. Rosalia alisema "Mama yangu" kwa sauti ya chini, akajishika kifua. Watu wa kwenye mkeka walitazama chini.

"Ungeniambia tu," Kasimiri akasema mwishowe. Maneno yalimtoka polepole, kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu ndogo iliyomshinda mkubwa. "Rangi ningeita mie. Wewe ungevuta, mie ningeita. Kulikuwa na ugumu gani hapo?"

Talha alimtazama. Jua lilikuwa limeshuka kabisa nyuma ya Kasimiri, na pale palipokuwa na uso palikuwa na mwanga tu, hakuweza kujua kama ni hasira iliyo pale au ni machozi, wala kama mkono ule bado umenyooshwa. Akautoa mkono wake chini ya paja, akaunyoosha kuelekea kule sauti ilikotoka, akangoja.